Kabla fundi hajafunga redio mpya kwenye gari la familia

Gari lililotumika Japani likishatoka bandarini Dar es Salaam na kufika nyumbani, kitu cha kwanza ambacho familia hulalamikia mara nyingi si injini wala matairi, ni redio. Unaiwasha, unatafuta stesheni unayoipenda, unapata mkwaruzo mtupu. Maandishi kwenye kioo ni ya Kijapani. Wiki haiishi, baba au mama ameanza kuulizia fundi wa kufunga redio nyingine.

Kwa familia za Ipole, kwenye njia panda ya wilayani Sikonge ambako barabara itokayo Tabora hugawanyika, moja ikienda Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya, redio ya gari si anasa. Safari ni ndefu, pori la miombo ni refu zaidi, na kuna sehemu simu haishiki kabisa. Redio humkesha dereva macho, huwatuliza watoto na huleta habari. Noah na Hiace ndizo zinazobeba wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali, wakulima wa tumbaku na madumu ya asali. Karibu kila moja ina redio iliyofungwa na fundi wa mtaani baada ya gari kununuliwa.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo ya saa mbili chini ya mwembe ina mambo manne yanayogusa afya ya mtoto moja kwa moja: moto, kukwama porini usiku, masikio, na kibetri kidogo kilichomo kwenye rimoti. Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kuyadhibiti. Anahitaji kujua nini cha kuuliza na nini cha kukagua kabla hajatoa hela.

Kwa nini redio ya Japani haishiki

Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Kwetu stesheni za FM ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio yako si mbovu, bali inasikiliza sehemu ambayo kwetu karibu hakuna anayetangaza.

Ufumbuzi uko wa aina mbili. Wa kwanza ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa ya stesheni zetu ili redio ya Japani iyapate. Ni cha bei nafuu na hakigusi nyaya za umeme wa gari kwa kiasi kikubwa. Kama shida yako ni kusikiliza taarifa ya habari tu, anza na hicho. Wa pili ni kung'oa redio yote na kufunga mpya, yenye bluetooth, sehemu ya flashi na pengine kioo cha video. Wengi huchagua huu, na hapa ndipo umakini unapohitajika.

Rangi za waya zinadanganya

Redio mpya inayouzwa dukani huja na nyaya zenye rangi zinazofanana kwa watengenezaji wengi. Njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Nyekundu ni umeme unaokuja pale tu ufunguo unapozungushwa. Nyeusi ni ya bodi, yaani hasi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau huenda kwenye spika nne, kila spika nyaya mbili, mojawapo ikiwa na mstari mweusi.

Sasa tazama nyaya za Toyota zilizo nyuma ya dashibodi. Katika modeli zake nyingi, umeme wa moja kwa moja ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Umeme wa ufunguo ni kijivu. Hasi ni kahawia. Ile njano tupu ni ya spika ya nyuma kushoto, na nyeusi pia ni ya spika hiyohiyo. Kijivu, ambacho kwenye redio ni cha spika, kwenye gari kinabeba umeme.

Kwa maneno mengine, anayeunganisha njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi na kijivu kwa kijivu amekosea kote. Redio haitawaka, au kipande chake cha kukuza sauti kitaungua mara moja. Akianza kubahatisha, akikata hapa na kugusisha pale hadi taa iwake, ndipo nyaya zinapoachwa katika hali ambayo hata fundi wa baadaye hataielewa.

Njia salama ni mbili. Moja ni kununua soketi ya kubadilishia, ambayo upande mmoja inaingia kwenye soketi ya Toyota bila kukata chochote na upande wa pili inaungwa na nyaya za redio mpya. Ya pili ni fundi kutumia mita, kupima waya mmoja mmoja na kuthibitisha upi una volti 12 wakati wote, upi unapata umeme ufunguo ukizungushwa, na upi ni hasi. Fundi asiye na mita, anayepima kwa kugusisha waya kwenye bodi ili aone cheche, mshukuru na uondoke.

Kabla ya yote, hasi ya betri itolewe. Kwa gari lenye mifuko ya hewa, Toyota inaelekeza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri kabla ya kuanza kazi. Soketi za njano zilizo karibu na usukani na dashibodi kwa kawaida ni za mifuko hiyo. Zisiguswe, zisipimwe, na umeme wa redio usichukuliwe huko.

Fyuzi inalinda waya

Wazazi wengi hudhani fyuzi ipo ili redio isiungue. Fyuzi ipo ili waya usigeuke kuwa jiko. Waya ukichubuka na kugusa bodi, betri ya gari ina nguvu ya kusukuma mamia ya ampia kwa mkupuo. Waya mwembamba hauwezi kuzibeba. Unapata moto, plastiki yake inayeyuka, na chini ya dashibodi kuna zulia, sponji na nyaya nyingine za kuendeleza moto huo. Fyuzi ya ampia 10 au 15, ambayo ndiyo ya kawaida nyuma ya redio, hukatika kabla hali haijafika huko.

Ndiyo maana fyuzi inayokatika kila mara inakuletea taarifa. Kuibadilisha kwa ya ampia 30, au kuviringisha karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pake, ni kumfunga mdomo mlinzi aliyekuja kukwambia kuna mwizi. Atafutwe waya uliochubuka.

Ukifunga amplifaya na sabufa, hesabu inabadilika. Amplifaya haichukui umeme kutoka nyuma ya redio. Inahitaji waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake lazima iwe karibu na betri, isizidi kama nusu mita. Fyuzi ikiwekwa nyuma karibu na sabufa, waya wote unaopita chini ya viti vya abiria unabaki bila ulinzi. Hapo ndipo watoto wanakalia.

Unene wa waya nao una hesabu. Gawanya wati kwa volti, utapata ampia. Amplifaya inayotumia wati 360 kwa volti 12 inavuta ampia 30. Kwa waya wa mita nne au tano kutoka mbele hadi nyuma ya Hiace, shaba ya milimita 10 za mraba ni kipimo cha kutembea nacho dukani. Uliza kama ni shaba kamili. Nyaya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukikwangua uzi mmoja kwa wembe utaona weupe ndani. Hizo hubeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule na hupata moto haraka.

Katika Hiace na Noah za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Waya unaopita huko unapita jikoni. Ufungwe mbali na vyuma vya moto, uvikwe bomba la plastiki, na kila unapopenya tundu la bati uwekewe raba, la sivyo mtikisiko wa barabara utaukata polepole kama msumeno. Maungio yabanwe kwa viungio maalumu au yachomelewe risasi, kisha yafunikwe kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu ya umeme nzuri inakubalika. Solotepu ya daftari na vipande vya mfuko wa nailoni havikubaliki, kwa sababu jua la mchana likipiga dashibodi, gundi inaachia.

Kwa wenye watoto wadogo, neno moja zaidi hapa: risasi ya kuchomelea huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Watoto wakae mbali fundi anapofanya kazi, mabaki yafagiliwe, na aliyeshika waya na risasi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kubeba mtoto au kula.

Kukwama porini usiku

Redio iliyofungwa vibaya inaweza isiunguze kitu na bado ikawaletea shida. Fundi akiunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja, redio haizimiki kabisa unapotoa ufunguo. Baadhi hukaa zikinywa umeme kidogokidogo usiku na mchana.

Fanya hesabu. Betri ya kawaida ya gari dogo ina ujazo wa saa-ampia 45 hivi. Redio na amplifaya zikivuta nusu ampia tu gari likiwa limezimwa, kwa siku mbili zimekula saa-ampia 24, zaidi ya nusu. Jumatatu asubuhi gari haliwaki, mtoto amechelewa shule. Hilo ni la mjini. Kwenye barabara ya Ipole kwenda Rungwa, gari lililosimama kupumzika huku muziki ukipigwa kwa saa kadhaa bila injini linaweza kugoma kuwaka gizani, katika eneo lenye mbung'o na wanyama, pamoja na mtoto mwenye homa mliyekuwa mkimkimbiza hospitali.

Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 iko hoi. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Vipimo hivyo huchukua dakika moja kwa mita ya fundi. Mwambie akupimie kabla na baada ya kufunga redio. Mwambie pia azime kila kitu, atoe ufunguo, apime gari linavuta kiasi gani likiwa limelala. Kiwango cha kawaida ni chini ya miliampia 50.

Dalili ya kinyume nayo ipo. Kama kila ukitoa ufunguo redio inasahau saa na stesheni, njano na nyekundu zimebadilishana. Haina hatari kubwa, lakini inakwambia jinsi fundi alivyofanya kazi, hivyo mwambie afungue arekebishe.

Masikio hayaoti tena

Tuje kwenye madhara ambayo hayatoi moshi. Ndani ya kila sikio, kwenye kiungo chenye umbo la konokono, mwanadamu huzaliwa na seli takribani 15,000 zenye vinyweleo vinavyogeuza sauti kuwa taarifa za ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha, kisha huziua. Hazioti tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Mwongozo wa kimataifa wa kusikiliza kwa usalama unamruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti huongezeka mara mbili, na muda salama hupungua nusu. Kwa hiyo mtoto wa saa 40 kwenye desibeli 75 ana saa 20 kwenye 78, saa 10 kwenye 81, saa 5 kwenye 84, saa mbili na nusu kwenye 87, na saa moja na robo tu kwenye 90. Huo ni mgao wa wiki nzima. Sauti ya desibeli 90 ndani ya gari lenye sabufa si ajabu hata kidogo. Hiace inayosimama kila kituo kutoka Tabora hadi Ipole inaweza kuumaliza mgao huo kabla haijafika, na mtoto bado ana safari ya kurudi.

Utajuaje bila kipimo? Kaa umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama lazima mpaze sauti ndipo msikilizane, hapo sauti imeshavuka kiwango cha salama. Programu za bure za kupima sauti kwenye simu hutoa makadirio tu, lakini zinatosha kukuonyesha tofauti kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Pima kote kuwili. Dereva huweka sauti inayomfaa yeye aliye mbele, huku spika zenye nguvu na sabufa ziko nyuma, futi moja kutoka kwenye kichwa cha mtoto. Kwenye redio kuna sehemu ya kugawa sauti kati ya mbele na nyuma. Isogeze mbele watoto wanapokuwa ndani.

Usidanganyike na mtoto aliyelala. Watu husema amezoea, muziki unambembeleza. Usingizi hauzibi masikio. Sauti inaingia vilevile na seli zinachoka vilevile. Mtoto mchanga hana namna ya kusema masikio yanavuma. Kwa mkubwa kidogo, dalili ni kulalamika mlio sikioni baada ya safari, kuuliza "nini?" kila mara, kuongeza sauti ya televisheni, au mwalimu kusema hasikilizi darasani. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya akaangaliwe masikio, asichapwe kwa ukaidi.

Hapa umeme na afya hukutana kwa namna ambayo wengi hawaitambui. Hasi ikifungwa vibaya, kwenye bati lenye rangi au kutu, spika hutoa mluzi unaopanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Dereva anaongeza sauti ili muziki uufunike mluzi. Spika zikiwa mbovu na zinapasuka sauti, anaongeza tena ili asikie maneno. Waya wa hasi ukifungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa kikang'aa, na boliti ikakazwa, mluzi hupungua au huisha na sauti ya chini inatosha. Kufunga vizuri ni kinga ya masikio.

Wala usihadaike na boksi la redio lililoandikwa wati 50 mara nne. Jumla hiyo ni wati 200, na kwa fyuzi ya ampia 10 redio haiwezi kuzipata kwa muda mrefu. Uwezo halisi huwa chini ya nusu ya hapo, na kwa familia ndani ya Noah unatosha na kubaki.

Safari za njia hii hazikuwahi kuwa za kimya. Karne ya 19, misafara ya pembe na shanga kati ya Bagamoyo na Tabora ilitembea kwa nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi, kirangozi mbele na ngoma ikilia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipozuiwa na vita vya Mirambo, alizunguka kusini mwa Tabora kupitia Ugunda na Ukonongo akielekea Ujiji. Lakini wapagazi waliimba hewani, kwenye pori lililo wazi. Hiace ina bati pande zote, vioo vimefungwa kuzuia vumbi, na sauti haina pa kutokea ila masikioni mwa abiria.

Sabufa si kiti

Boksi la sabufa likiachwa huru nyuma ya gari, dereva akifunga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe barabarani, boksi haliendi na breki za dereva. Linaendelea mbele kwa mwendo uleule wa gari. Lifungwe kwa boliti au mkanda kwenye sakafu. Mtoto asikalishwe juu yake hata kama gari limejaa.

Kuhusu redio yenye kioo cha video, kuna waya mwembamba ambao kazi yake ni kuzuia picha isionekane mpaka breki ya mkono ivutwe. Mafundi wengi huufunga kwenye hasi ili video ionekane hata gari likitembea, na wateja ndio wanaoomba. Usiombe. Dereva anayetupia jicho video kwa sekunde mbili akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa amekwenda zaidi ya mita 44 bila kuona barabara.

Kibetri cha rimoti na asali ya nyumbani

Redio nyingi mpya huja na rimoti ndogo yenye kibetri bapa kama sarafu, kipana milimita 20. Mtoto mdogo hukiona kama pipi. Kikikwama kwenye koo la chakula, mate hukamilisha mzunguko wa umeme, na kibetri huanza kuunguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili, na hata kibetri kilichochoka kuendesha rimoti bado kina nguvu ya kutosha kuunguza.

Ishara ni mtoto kutokwa mate mengi, kukataa kula, kukohoa, kutapika au kushika kifua. Wengine hawaonyeshi kitu kwa saa kadhaa. Ukiona rimoti imefunguka na kibetri hakipo, chukulia amekimeza. Nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi, usisubiri kitoke chooni. Usimtapishe. Usimpe chakula.

Asali ina nafasi hapa, na Sikonge haiko mbali na asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba asali hupunguza kasi ya kibetri kuunguza koo. Mwongozo wa wataalamu wa sumu wa huko unasema: kama mtoto ana zaidi ya miezi 12, anaweza kumeza, na kibetri kimemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, mpe vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani kwenda hospitali. Asali hairuhusu kuchelewa, na haitoi kibetri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa kwa sababu ya hatari ya sumu ya bakteria iitwayo botulizimu. Kibetri kikiwa puani au sikioni, usitie kitu chochote, nenda hospitali.

Njia rahisi kuliko zote ni kutoitumia rimoti hiyo. Redio iko mbele ya dereva na ina vitufe. Toa kibetri siku ileile, kifunge kwa tepu pande zote mbili na ukihifadhi mahali mkono wa mtoto haufiki.

Kama gari si lako

Wengi wetu hatumiliki Noah. Tunapanda. Mama aliyebeba mtoto huona aibu kusema, akiogopa kujibiwa ovyo na konda au kuzomewa na vijana wa viti vya nyuma. Salamu kwanza, kisha ombi: "Kaka dereva, tunaomba utupunguzie kidogo, huku nyuma kuna mtoto mchanga." Ombi likitoka kwa mtu mzima mmoja, mara nyingi wengine waliokuwa wamenyamaza huliunga mkono. Kama hakuna mabadiliko, omba kubadilishana kiti na abiria wa mbele, mbali na sabufa, na katika kituo mpumzishe mtoto nje kwa dakika chache.

Kwa gari linalobeba watoto wenu shuleni kila siku, msisubiri mtu mmoja alalamike. Kwenye kikao cha wazazi, kubalianeni na mwenye gari kiwango cha sauti, mtungi wa kuzimia moto ulio hai, na mlango unaofunguka kutoka ndani.

Harufu ya plastiki inayoungua ikisikika safarini, simamisha gari, zima injini, toa watoto kwanza na uwapeleke mbali upande wa juu wa upepo. Mizigo baadaye. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Majaribio sita kabla ya kumlipa fundi

1. Muombe akuonyeshe maungio kabla hajarudisha dashibodi. Pasiwe na shaba inayoonekana wala solotepu.

2. Akuonyeshe fyuzi ya redio na ampia zake. Kama kuna amplifaya, akuonyeshe fyuzi iliyo karibu na betri.

3. Toa ufunguo. Redio izime. Rudisha ufunguo. Saa na stesheni ziwe palepale.

4. Washa injini, kanyaga mafuta taratibu. Mluzi usipande.

5. Piga muziki kwa dakika 15 injini ikiwaka, kisha gusa nyaya na kishikio cha fyuzi. Viwe vya baridi au vuguvugu, visichome.

6. Kaa kiti cha nyuma kabisa, mahali anapokaa mwanao, kwa sauti ambayo dereva huipenda. Ongea na aliye pembeni yako kwa sauti ya kawaida. Kama hakusikii, tafuteni namba ya sauti ambayo mnasikilizana, iandikeni kwenye kipande cha tepu, na mkibandike kando ya redio. Watoto wakiwa ndani, isizidi hapo.